Mtihani Nikiwa Edani

Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume hatazami kioo mpaka eda iishe. Mama mkwe wangu aliviondoa vioo siku ileile ya maziko, kile cha ukutani na kile kidogo cha kwenye pochi yangu, akavifunga kwenye khanga na kuvipeleka chumbani kwake. Simu aliiacha. Hakujua, na mimi pia sikuwa nimefikiria, kwamba simu nayo ni kioo.

Nilikuja kujua siku niliyoingia darasani kwa mara ya kwanza nikiwa edani. Nilibonyeza linki ya chuo, nikasubiri, mara uso wangu mwenyewe ukajaa kwenye simu. Macho yamevimba, midomo imekauka, nywele zimechomoza chini ya ushungi. Niliitupa simu kitandani. Nikasoma istighfari mara nyingi, na bado sikujua nimemkosea nani hasa, Mungu, marehemu, au mama mkwe aliyekuwa uani akimenya muhogo.

Baadaye nilitafuta plasta ya kidonda nikaibandika juu ya kijitundu cha kamera. Ndivyo nilivyosoma kuanzia siku hiyo.

Niseme kwanza nilifikaje chuoni, maana mtu wa umri wangu akisema anasoma chuo, watu humwangalia mara mbili. Shule niliacha darasa la saba. Sekondari nilisoma jioni, ukubwani, mtoto mgongoni na mwingine nimemshika mkono, nikikaa dawati moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Nilivyofaulu, marehemu mume wangu, mkulima wa korosho hapa Ziwani, akasema basi endelea. Akawa ananipeleka kwa pikipiki yake mpaka Ufukoni, ambako chuo changu kina kituo kidogo, vyumba viwili na kompyuta chache. Halafu chuo kikatangaza kwamba masomo yote yanahamia mtandaoni, ili hata aliye mbali asome akiwa nyumbani kwake. Wenzangu walifurahi. Mimi niliogopa. Nilishazoea ubao, na nilishazoea mwanamke mwenzangu pembeni wa kumwuliza, hapo kasemaje. Kwa hiyo niliendelea kwenda kituoni, nafuata mtandao kwenye kompyuta zao kama mtu anayekwenda darasani kweli.

Mume wangu akaugua. Presha ilimwangusha shambani, akalala muda mrefu, nikaomba chuo kiniahirishie masomo nimuuguze. Wakakubali, ila walisema ruhusa hiyo haitolewi mara mbili. Mungu akamchukua. Hakuniachia usia wowote kuhusu chuo. Ningependa kusema aliniambia nimalize, lakini hakusema, alikuwa haongei tena wakati huo.

Kilichokuwa kimebaki ni kuwasilisha utafiti wangu mbele ya wakaguzi. Muda wangu wa chuo ulikuwa unaishia mwaka huohuo. Nikikosa kuwasilisha, nimedisko, ndivyo wanafunzi wanavyosema mtu akifutwa chuo. Na eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Siku ya kuwasilisha ilikuwa inaangukia ndani ya eda.

Utafiti wenyewe ulihusu jambo nililolijua. Nilikuwa nimezunguka kwa wanawake wa Ziwani na Madimba, wanaolima korosho na muhogo, nikiwauliza kama chuo kikiwafuata walipo, kiwafuateje. Wengi walisema hawana shida na kusoma kwa simu. Shida yao ni chuo kuweka mitihani wakati korosho zinaanguka, na masomo marefu ya video yanayomaliza bando kabla mwalimu hajafika anakokwenda. Wanataka sauti fupi, za kusikiliza huku mtu anaokota korosho. Nilikuwa nimeyaandika yote hayo vizuri. Sikujua kwamba mimi mwenyewe ndiye nitakayekuwa wa kufuatwa.

Kwenye nyumba yetu mtandao unashika sehemu moja tu, dirishani, na dirisha linatazama barabara. Mjane hakai dirishani. Wifi yangu, dada wa marehemu, aliyehamia kwetu ili kukaa nami edani, alining'iniza khanga mbili nzito pale, nikawa najibanza nyuma yake juu ya mkeka. Pikipiki ikipita nilikuwa najikunyata, kana kwamba dereva anaona kupenya kitambaa.

Mwalimu wetu alikuwa mwanaume, mtu wa bara, anafundishia Dar es Salaam. Kila kipindi alituomba tufungue kamera. Wenzangu walikuwa wamezoea kuandika kwamba mtandao mbovu. Mimi sikutaka kusema uongo nikiwa kwenye nguo za eda, nikawa nakaa kimya tu, na kila nikikaa kimya niliona anasogea karibu na siku ya kuniuliza kwa nini.

Halafu zikaja taratibu za uwasilishaji. Nilizisoma nyuma ya khanga. Kamera iwe wazi mwanzo mpaka mwisho. Uso wa mwanafunzi uonekane wote. Mwanafunzi awe peke yake chumbani, mlango umefungwa. Isisikike sauti ya mtu mwingine. Atakayekiuka, matokeo yake yatafutwa.

Nilimsomea mama mkwe, kwa sababu kumficha kulikuwa kunanitisha kuliko kumwambia. Yeye ni Mmakua, wazazi wake walivuka Ruvuma yeye akiwa bado ananyonya, na akikasirika huchanganya Kimakua na Kiswahili. Safari hii hakuchanganya. Alisema polepole kwamba uso niufungue mbele ya wanaume, hilo hapana. Na kufungiwa mlango na sauti za wanaume, nikiwa peke yangu, hilo ndiyo kabisa. Eda inakaliwa na watu, akasema, mjane haachwi.

Usiku ule sikula. Chuo kilitaka niwe peke yangu, na eda ilitaka nisiwe peke yangu, na mimi nilikuwa naogopa vyote viwili sawasawa. Niliogopa kufutwa baada ya miaka yote ile. Zaidi niliogopa kwamba kuna kitu marehemu anakihitaji kutoka kwangu, kitu cha subira na utulivu, na mimi nakivunja kwa ajili ya cheti. Hakuna aliyeniambia hivyo. Lakini hofu haingoji mtu aiambie kitu.

Jambo lililofuata nalisimulia sasa kwa urahisi, ila siku hiyo nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu alikuwa anaita majina, mmoja mmoja, tuitikie kwa sauti. Niliitika nikasahau kuzima maiki. Wifi akaingia na sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, akidhani kipindi kimekwisha, akasikia mwalimu bado anaongea.

"Huyo mwanaume hajamaliza tu?" akasema. "Sauti yenyewe kama anabembeleza mtoto alale. Wifi yangu, angalia, huyu atakutoa edani kabla ya siku zako."

Kule kwenye simu mtu mmoja akacheka, wakafuata wengine, na mwalimu akakohoa. Nilizima simu kabisa. Wifi alivyoelewa kilichotokea alikaa chini, sahani bado mkononi, akasema kwa sauti ndogo kwamba alijua simu inaleta maneno ndani, hakujua inayapeleka nje.

Sikuingia darasani tena wiki ile. Nilikuwa na hakika wamekwisha jua kila kitu, na kwamba kwenye kundi letu la simu wananicheka. Kundi sikulifungua. Nilijiambia ni Mungu amenifungia njia, nikae nimalize eda, chuo kiende. Niliposwali, nilijikuta sijaomba hivyo. Nimeomba kinyume chake.

Mwalimu akapiga simu. Namba ngeni, saa za asubuhi, na mimi sikuthubutu kupokea. Wifi akapokea, akaweka sauti ya nje ili nisikie.

"Wewe ni nani unampigia mjane?" ndivyo alivyoanza, hata salamu hakuna.

Mwalimu akajitambulisha, akasema anamtafuta mwanafunzi wake, ana wasiwasi naye.

"Wasiwasi wa nini? Yupo, anakula, anaswali. Ni wewe na kamera yako ndio mnaomnyima usingizi."

Mwalimu akauliza, kwa heshima kabisa, eda ni nini hasa. Hakuwa Mwislamu na kwao hawana. Alisema siku ile alisikia neno hilo, akawauliza wenzake, kila mmoja akamweleza kivyake. Nilimtazama wifi yangu akikaa vizuri kwenye kigoda. Alimweleza mwanzo mpaka mwisho: nguo, manukato, vioo, wanaume, na kwamba mimi kuwa dirishani tu ni msamaha mkubwa wa mama yake. Alimweleza kwa ukali wa mtu anayefundisha, na mwalimu alikuwa anasema ndiyo, ndiyo mama, naandika. Mwishoni akauliza kama kuna mtu wa dini anayeweza kueleza lipi halikubaliki na lipi ni mazoea ya nyumbani. Wifi akamwambia swali hilo asimwulize mama yake.

Lakini mama mkwe mwenyewe alikwisha mtuma mtu kwa shekhe. Jibu lilirudi siku ileile baada ya alasiri. Shekhe alisema sauti ya mwenye eda kwenye jambo la haja haina tatizo. Alisema angeweza hata kutoka mchana kwa dharura, lakini kwa kuwa simu ipo, basi atulie nyumbani na asome kwa simu. Uso, akasema, kama si lazima, astirike. Na akae na mtu. Mama mkwe alilisikiliza jibu lote, akashika lile la mwisho. Akae na mtu.

Mwalimu alipiga tena baada ya siku kadhaa, akaomba kuzungumza na wifi moja kwa moja. Alikuwa amekwenda ofisi ya mitihani. Haikuwa rahisi, alisema, kuna waliosema wakimfungulia mmoja, kesho kila mtu atakuja na sababu yake ya kuficha uso. Yeye aliwaambia tulipowaita watu wasome wakiwa majumbani, tulidhani nyumba zote hazina watu. Mwishowe walikubaliana hivi. Kabla ya kuanza, mwanamke wa ofisi yao atanipigia kwa video, yeye peke yake, auone uso wangu na kitambulisho, azungushiwe chumba. Baada ya hapo uso wangu nisiuonyeshe. Mtu mmoja anaweza kukaa nami. Lakini kamera iwe wazi muda wote, na imtazame huyo mtu, ili wakaguzi waone hanipi majibu.

Tulitazamana. Mtu wa kukaa nami alikuwa mama mkwe. Wifi asingekubaliwa na mama yake, mdomo wake ulikwisha jaribiwa.

"Mimi?" mama mkwe akauliza. "Mimi ndiyo nikae mbele ya wanaume wa chuo wanitazame?"

"Mama, umri huo nani atakuja kukuposa?" wifi akasema.

"Usinitanie. Nauliza, nitafanya nini?"

"Utakaa tu."

"Nikikohoa?"

"Kohoa."

"Nikisinzia je? Jua la mchana mimi hunilaza."

Hakusema amekubali. Alichukua kikapu akaenda kuokota korosho, maana msimu ulikuwa umepamba moto na watoto wangu wote wawili walikuwa shambani tangu asubuhi. Alivyorudi aliuliza tu avae nguo gani.

Siku yenyewe ikafika. Nilikuwa naogopa umeme kukatika, naogopa bando, naogopa plasta kudondoka na simu igeuke yenyewe initazame. Yule mwanamke wa ofisi alipiga. Ilibidi niibandue plasta na niufungue uso wangu mbele ya ile simu, na nilijua nitajiona. Nilimwomba wifi aweke kidole gumba pale pembeni ambapo sura yangu inatokea, akaweka, akakibonyeza kama anazuia bomba lisivuje. Yule mwanamke alikuwa mpole. Alinipa pole ya msiba kabla ya kuomba kitambulisho. Wifi akamzungushia chumba, akamwonyesha hata chini ya kitanda, akatoka nje na kufunga mlango.

Nikairudisha plasta, nikaelekeza kamera ya nyuma ya simu kwa mama mkwe. Alikaa kwenye mkeka akiwa ameegemea ukuta, baibui jeusi, miguu ameikunja, tasbihi mkononi. Mimi nilikaa upande wa pili wa simu. Wakaguzi walikuwa watatu, mwanamke mmoja na wanaume wawili, na mwalimu wangu akisikiliza tu. Nilitoa bismillahi nikaanza.

Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa nyembamba, inapanda mahali isipotakiwa. Nilieleza nilikwenda kwa akina nani, niliwauliza nini. Nilikuwa sijafika mbali mkaguzi mmoja, mwanaume mwenye sauti nzito, akanikatisha.

"Samahani. Huyo mama kwenye kamera anahesabu nini?"

Nikasema ni tasbihi, anamdhukuru Mungu.

"Naelewa. Lakini tunasikia zinagonga. Hatuwezi kujua kama ni ishara au siyo ishara. Aiweke chini tafadhali."

Ile tasbihi mama mkwe alikuwa hajaiweka chini tangu tulivyomzika mwanawe, isipokuwa kwa kula na kwa udhu. Alikuwa anamsomea yeye. Nilijua akisema hapana, yamekwisha, na nilijua ana haki ya kusema hapana, na mimi sikuwa na ruhusa ya kumwomba chochote maana ningekuwa nazungumza naye katikati ya mtihani. Nilimtazama tu juu ya simu. Yeye hakunitazama. Alikuwa anatazama kile kijitundu cha kamera, moja kwa moja, kama anavyomtazama mfanyabiashara anayempunja kwenye mizani. Nikasikia pikipiki inakuja barabarani, ikapita, ikaisha.

Akaiweka chini. Aliiweka mbele yake, juu ya mkeka, pale ambapo wanaiona. Mikono akaiweka magotini. Baada ya muda kidogo niliona vidole vyake vinaendelea, kimoja kimoja, juu ya goti, bila sauti.

Nikaendelea. Sijui kwa nini, lakini kuanzia hapo sauti ilitulia. Hofu haikuondoka, ila niliona aibu kuharibu muda ambao mwenzangu ameulipia namna ile. Nilieleza kuhusu masomo ya sauti fupi, kuhusu mitihani kusogezwa nje ya msimu wa korosho, kuhusu ofisi ya kijiji kuwa na chumba chenye mtandao ambapo wanawake wanaweza kukaa pamoja wakasikiliza.

Mkaguzi mwanamke akauliza, kama masomo na mitihani yote ni kwa simu, na mwanafunzi haonekani, chuo kitajuaje aliyefanya kazi ndiye huyo?

Nikasema wanawake niliowahoji hawakuniuliza swali hilo, kwa hiyo kwenye utafiti halimo. Lakini kwa maoni yangu, mwulizeni mtu alichofanya. Alikwenda kwa nani, alikaribishwa nini, nani alimkatalia kumjibu na kwa nini. Mtu aliyefanyiwa kazi na mwingine hayo hayajui.

"Nani alikukatalia wewe?" akauliza.

Nikamwambia. Mwanamke mmoja wa Madimba, aliyesema mashirika na vyuo huja kumwuliza kila mwaka, na kila mwaka yuko palepale. Nilimwandika hivyohivyo. Mkaguzi mwenye sauti nzito akauliza maswali mawili ya takwimu. La kwanza nilijibu. La pili nilisema sijui.

Wakasema tusubiri. Simu ikawa kimya, kamera bado inamtazama mama mkwe, na hatukujua kama bado wanatuona, kwa hiyo hatukusogea wala kusemezana. Nadhani huo ndio muda niliogopa kuliko wote. Sikuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kuogopa.

Waliporudi aliongea yule mkaguzi mwanamke. Nimefaulu, ila sura ya mwisho ya ripoti niirekebishe, niongeze kuhusu uhakiki wa wanafunzi wa mbali, na niirudishe kabla ya mwezi kwisha. Mwalimu akasema hongera, na kumwambia mama mkwe shikamoo. Mama mkwe akaitikia marahaba kwa simu, kwa sauti kubwa kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Nilivyozima, aliniuliza kama kweli haisikii tena. Nikamwonyesha imezimwa. Akachukua tasbihi yake.

"Aliyesema niiweke chini, ndiye huyo mwalimu wako?"

"Siyo, mama. Ni mkaguzi. Mwalimu ni huyu aliyekuamkia."

"Mimi nilidhani ni huyo. Nimekwisha mwombea vibaya." Akafikiri. "Basi itabidi nimwondolee."

Nilitaka kumshukuru, nikabaki nalia kwenye ukingo wa ushungi. Aliniacha nilie. Halafu akauliza marekebisho yatanichukua muda gani, na kama wale watu watataka kumwona tena. Nikamwambia hapana, ni kuandika tu, naandika nikiwa nimekaa hapahapa.

"Kaa basi uandike," akasema, akafungua mlango na kumwita wifi yangu aje akae nami, yeye aende akaokote korosho kabla ya magharibi.